Uani Huendeshwa na Mpunga: Mafunzo Saba ya Kuku na Mboga za Nyumbani Ifakara

Anayetaka kufuga kuku na kulima mboga nyumbani hapa Ifakara hakosi washauri, lakini ushauri mwingi hutoka mbali: Dar es Salaam, Arusha, Iringa, kwenye ardhi nyingine, mvua nyingine na shughuli nyingine. Mimi nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo uani kwetu hapakukosa kuku wala tuta la mboga. Imani yangu leo ni hii: uani wa bonde la Kilombero una mabwana wawili, mpunga na maji. Familia inayowatii hula mboga mwaka mzima na haiuzi kuku kwa shida. Inayowapuuza huanza upya kila mwaka. Nimeyaandika haya saba kwa ajili yenu mnaoanza, ili muanzie pale sisi tulipofikia.

1. Kalenda ya uani ni kalenda ya mpunga

Shamba letu la mpunga liko Minepa, ng'ambo ya Mto Kilombero. Zamani msimu ukianza, familia nyingi za hapa zilihamia shambani. Walijenga kibanda au dungu, wakapanda, wakapalilia, kisha wakaamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka mavuno. Nyumba ya mjini ilibaki na mzee mmoja na watoto wa shule. Kivuko nacho kilikuwa na foleni yake, ukishavuka, umevuka.

Kilichonishangaza nilipoanza kuandika mambo ya kuku kwenye daftari ni kwamba hasara zetu nyingi ziliangukia miezi ile ile tuliyokuwa shamba. Maji yalikauka kwenye kopo. Banda lilifungwa giza likiwa limeshaingia, na kicheche ameshatangulia. Mchicha ulichanua bila mtu wa kuuvuna.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kindamba, hakuwa na hasara hizo. Nilimwuliza anafanyaje.

"Mwalimu, mimi simwatamishi kuku wakati wa kupalilia," akanijibu. "Mayai ya Februari tunakula. Vifaranga nawataka Juni, mpunga ukiwa ndani na watu wamerudi nyumbani."

Yai huatamiwa siku 21, na kifaranga anahitaji uangalizi wa karibu wiki zake nne za kwanza. Hesabu hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya yule mama bila karatasi. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero lilipozinduliwa 2018, safari ya Minepa ikawa ya kwenda asubuhi kwa bodaboda na kurudi jioni. Limetusaidia sana, lakini mikono ya nyumbani ni ile ile. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kuku mmoja, andika miezi kumi na miwili, pangia kazi za mpunga kwanza, kisha tazama ni lini nyumba ina watu. Hiyo ndiyo miezi ya vifaranga na vitalu vya miche. Miezi mingine, baki na kuku wazima na mboga zinazojitunza.

2. Uzio kwanza, kuku baadaye

Mtazame kuku anapoingia kwenye tuta lililomwagiliwa asubuhi. Anachakura kwa mguu wa kulia, kwa wa kushoto, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa na kuangalia alichofukua. Akipata funza mmoja anarudia. Akishiba analala ubavuni na kujirushia udongo. Mchicha ulioota juzi wote umelala kando, na majani yenyewe hajayala. Alichokuwa akitafuta kiko chini ya mizizi.

Ukilielewa hilo, hutampiga kuku mawe. Utajenga uzio. Kwa kuku wa kienyeji wanaojitafutia, ni rahisi zaidi kuzungushia mboga kuliko kuwafungia kuku kutwa. Matete ya mtoni yaliyosukwa kwa kamba, mianzi, au wavu chakavu wa kuvulia samaki vinatosha, mradi ufike kifuani na usiache upenyo chini. Kuku mwepesi anayeruka, mpunguze manyoya ya bawa moja, basi.

Baada ya hapo ndipo urafiki wao unapoanza. Tuta likishavunwa, fungua lango na uwaache kuku waingie. Watakula mbegu za magugu, mabuu na mayai ya wadudu, na wataacha samadi. Ile samadi ya bandani usiimwage mbichi kwenye miche, kwa kuwa ni kali na itaiunguza. Ichanganye na majani makavu, ifunike, igeuze mara kwa mara, uiache ioze miezi miwili hadi mitatu. Ikiwa haina tena joto wala harufu ya mkojo, hapo iko tayari.

3. Mdondo hauna dawa, una kinga

Hili ndilo kosa langu kubwa, na nalisema wazi kwa sababu bado naliona kwenye nyumba nyingi. Niliamini kuku wa kienyeji ni mgumu, hahitaji chanjo. Kiangazi kimoja ndugu yetu alileta jogoo mzuri kutoka mnadani. Tukamwachia bandani na wenzake usiku ule ule. Siku chache baadaye kuku wakaanza kuzubaa wameshusha mabawa, wakaharisha kinyesi cha kijani, na wengine wakapinda shingo mpaka kichwa kikatazama juu. Banda lilibaki karibu tupu.

Huo ni mdondo, wengine huuita kideri. Husababishwa na kirusi, kwa hiyo vidonge vya binadamu, pilipili, shubiri na mwarobaini havitautibu. Chanjo ipo. Ile ya matone, I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo kubwa kwa mji wenye joto kama wetu, lakini isikae juani, na ikishafunguliwa itumike kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake. Chanja kuku walio wazima tu. Ugonjwa ukishaingia bandani umechelewa.

Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, zaidi ya alionao mtu mmoja. Kwetu mtaani tunachangishana na kuchanja siku moja nyumba zote. Kuna faida nyingine: ukichanja peke yako, kuku wa jirani wataendelea kukuletea wasiwasi kila kiangazi, maana huo ndio wakati mdondo unapopenda kuzuka.

Wazee walishasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Chukueni maneno hayo kama amri. Kuku aliyenunuliwa au kuletwa zawadi akae peke yake, mbali na banda, wiki mbili kwa uchache, akila na kunywa kwenye vyombo vyake. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe au achomwe. Asitupwe Mto Lumemo, na asiuzwe kwa mtu asiyejua.

4. Mashine ya kukoboa ndiyo ghala lako

Wafugaji wa miji mingine hulalamikia bei ya chakula cha kuku. Sisi tunaishi kati ya mashine za kukoboa mpunga, na kila mashine inatoa vitu vitatu ambavyo uani unavihitaji.

Cha kwanza ni chenga. Hizo ni za vifaranga, kwa sababu mdomo wao unaziweza. Cha pili ni pumba laini, ambayo ni chakula cha wakubwa. Cha tatu ni maganda magumu, ambayo kuku hawezi kuyatumia tumboni lakini ni matandiko mazuri ya banda: yanakausha kinyesi, na yakichoka yanakwenda moja kwa moja kwenye lundo la mboji. Hata majani ya mpunga yanayobaki baada ya kupura yana kazi, maana yakitandazwa juu ya tuta wakati wa kiangazi yanazuia jua lisinyonye maji.

Ila msidanganyike na wingi wa pumba. Kuku anayelishwa pumba peke yake hatagi inavyopasa. Mwongezee dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti, mpe majani mabichi, na usimnyime maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa, kwa ajili ya gamba la yai. Vifaranga wapatie mchwa. Chukua chungu kilichopasuka, kijaze mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kinyunyizie maji, kigeuze juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi ukikiinua utawakuta wamejaa, na vifaranga watawamaliza kabla hujaweka chungu chini.

Pumba ina mafuta, kwa hiyo huchacha upesi kwenye joto hili. Nunua ya wiki mbili, iweke juu ya vichaga, mbali na ukuta unaovuja. Ikishika unyevu na kuota ukungu, itupe yote. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuanika. Yule kuku unayetaka kuokoa gharama yake ndiye utakayempoteza.

5. Panda kinacholipenda bonde

Kila anayeanza bustani anataka nyanya. Namwelewa, kwa sababu nyanya huuzika. Lakini masika ya Ifakara na nyanya haviivani. Majani yanashikwa na ukungu, na udongo uliolowa unaleta mnyauko: mche unasinyaa mchana ukiwa bado wa kijani, na baada ya siku chache umekufa. Kijana mmoja wa ugani alinifundisha kuutambua. Unakata shina karibu na ardhi, unaliweka wima kwenye glasi ya maji safi, unasubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe wa ute unashuka kutoka kwenye mkato, hao ni bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia. Ng'oa mche na mizizi yake, na mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa misimu kadhaa, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja.

Kumbe wakati sisi tunahangaika na nyanya, kina mama wa mtaani walikuwa wanauza mafungu ya matembele masika yote. Matembele yanapandwa kwa kipande cha shina tu, yanapenda maji, na ukichuma ncha yanachipua zaidi. Majani ya maboga na kunde nayo hayana deni. Bamia na nyanya chungu zinastahimili joto na huzaa kwa miezi. Mchicha uko tayari kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo pandeni kidogo kidogo kila wiki mbili, msipande wote siku moja mkala mpaka mkachoka.

Nyanya tumeipangia zamu yake. Miche inaota kitaluni mvua zikielekea kuisha, inahamishiwa bustanini Juni, inazaa kwenye miezi yenye ubaridi. Hata hapo uwe macho kumwona kanitangaze, yule nondo ambaye viwavi wake huchimba njia ndani ya majani. Jani lenye michirizi myeupe litoe na ulichome mapema.

Matuta nayo yabadilike na msimu. Masika yainue mpaka nusu ya goti ili maji yapite kati yake. Kiangazi yashushe yawe majaruba madogo, ili kila ndoo ya maji unayomwaga ibaki pale ilipomwagwa.

6. Jenga kwa ajili ya mwaka wa maji mengi

Miaka mingi Lumemo ni mto mpole unaoshuka kutoka Udzungwa na kupita kando ya mji. Masika ya 2024 ulitukumbusha nguvu zake. Maji yaliingia mitaani na ndani ya nyumba za watu. Uani kwetu jambo lililonishangaza ni jinsi tofauti ndogo ya kimo ilivyoamua kila kitu. Banda la zamani, lililokaa juu ya ardhi, lilijaa. Banda jipya, ambalo mume wangu alilijenga juu ya nguzo ili kukimbia siafu na kenge, kuku walikaa ndani yake wakiwa wakavu.

Tangu hapo nasema hivi kwa kila anayeuliza: kabla ya kujenga, waulize majirani wa zamani maji yaliwahi kufika wapi, weka alama ukutani, na sakafu ya banda iwe juu ya alama hiyo. Gunia la chakula liwe juu zaidi. Viroba vilivyojazwa udongo na kupandwa mboga vinaweza kubebwa na kuwekwa barazani. Tuta haliwezi.

Kuna jambo zito kuliko banda. Mafuriko hupita vyooni kabla ya kufika bustanini. Mboga za majani zilizofunikwa na maji hayo zing'olewe zikafanywe mboji, hata kama zinaonekana zimenawiri. Kuzila ni kukaribisha kipindupindu na homa ya matumbo. Kisima kilichoingiwa na maji kitiwe dawa kabla ya kutumika tena. Anzeni na mbegu mpya.

Maji yakishakauka hubaki madimbwi, na madimbwi ni mbu. Mji wetu unalijua hilo kuliko miji mingi. Utafiti wa malaria umefanywa hapa kwa miaka mingi, na wengi wetu tunakumbuka vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilivyosambazwa bondeni miaka ya 1990. Wasichofahamu wengi ni kwamba mbu huwaambukiza kuku pia. Ndio wanaoeneza ndui, ile inayoota vipele kwenye upanga na kuzunguka macho mpaka kifaranga asione chakula. Chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Fukia mashimo, pindua makopo, na maji ya kuku yabadilishe kila siku. Kazi hiyo moja inawalinda watoto na kuku kwa pamoja.

7. Kila kuku awe na mwenyewe

Kwa muda mrefu kuku wetu walikuwa wa nyumba. Mgeni akija, anachinjwa aliye karibu. Hela ya saruji ikipungua, wanauzwa wawili. Anayewahudumia kila siku haulizwi. Niligundua kwamba watoto waliokuwa wakifungua banda kwa furaha walianza kulikimbia, na sababu yake aliitaja binti yangu wa mwisho: "Mama, hata nikiwatunza, si wangu."

Tulikaa kama familia tukawagawa. Tetea mweusi wa fulani, mwenye kishungi wa fulani, jogoo wa baba. Anayetaka kuchinja au kuuza anamwomba mwenye kuku. Mayai yaligawanywa hivi: kwanza ya kuatamiwa ikiwa ni msimu wake, pili ya watoto kula, tatu ya kuuza. Nilidhani tutagombana. Badala yake nidhamu ya banda ilipanda, na mtoto aliyejua kwamba daftari na viatu vyake vya shule vinatokana na tetea wake alikuwa wa kwanza kuniambia kuku fulani leo hajala.

Mboga tulizipa utaratibu huo huo. Kila mtu ana tuta lake, na jikoni hununua kwa fungu, hata kama bei ni ya kindugu. Ukimwachia mama wa nyumba kazi zote na baba maamuzi yote, uani utakufa siku mama akiugua. Ukigawa kazi pamoja na mali, uani una walinzi wengi.

Kwa hiyo ukianza mwaka huu, anza na matetea watatu waliochanjwa na jogoo mmoja, matuta mawili ya matembele na moja la mchicha, ndani ya uzio uliokamilika. Pita nao msimu mmoja mzima wa mpunga, kuanzia kupanda mpaka kupura. Ukifika mwisho ukiwa na kuku wengi kuliko ulioanza nao, na hujanunua fungu la mboga sokoni kwa miezi mingi, ongeza. Na jirani akija kukuuliza umefanyaje, mwambie lini tunachanja, ili achange na yeye.